Kabureta Iguswe Mwisho: Kutafuta Hitilafu za Mipira ya Vakyumu na Nyaya kwenye Volkswagen Beetle

Mwenye Volkswagen Beetle ya zamani hapa Arusha akilalamika kwamba gari lake linazimika kila anapopunguza mwendo kuingia kipilefti cha Mnara wa Saa, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kufungua kabureta. Nimeona kabureta nzima zikifunguliwa mara tatu au nne mpaka skrubu zake zikaliwa nyuzi, ilhali ubovu ulikuwa kwenye mpira mwembamba kuliko kidole cha mwisho, au kwenye waya wa ethi uliooza chini ya gari. Mwongozo huu unafuata utaratibu wa kinyume: mipira kwanza, nyaya baadaye, na kabureta iwe ya mwisho kuguswa.

Maelezo haya yanahusu hasa injini ya 1600, yenye sentimita za ujazo 1584, kabureta moja ya Solex 34 PICT-3 na umeme wa volti 12. Mwenye gari la zamani zaidi, lenye kabureta ya 30 au 31 PICT, mara nyingi atakuta tundu moja tu la vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, badala ya mawili, lakini mantiki ya kazi ni ile ile.

Kabla ya kuanza

Fanya kazi hii mchana, injini ikiwa imepoa, mahali penye hewa, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Utahitaji bisibisi, spana namba 10 na 13, spana ya plagi, fila geji, mita ya umeme, brashi ya waya, msasa laini, klempu kadhaa, na mita moja ya mpira wa vakyumu wenye upana wa ndani wa milimita 3.5. Piga picha za injini kutoka pande zote kabla ya kuchomoa chochote, kisha bandika kipande cha tepu chenye maandishi kwenye kila mpira na kila waya utakaouondoa. Kumbukumbu hudanganya, hasa kazi inapolala hadi siku ya pili.

Anza na mipira ya petroli, ingawa siyo iliyokuleta. Katika gari hili tangi liko mbele na injini iko nyuma, na kipande cha mwisho cha mpira wa petroli hupita karibu na distributa inayotoa cheche. Mipira ya asili ina kitambaa kwa nje, na kitambaa hicho huficha nyufa. Ukunje kila mpira kwa vidole: ukiona ufa, ukisikia unakatika, au ukinusa petroli, badilisha wote, na ufunge klempu kila upande. Chujio la petroli ambalo limewekwa juu ya injini, kama wengi walivyozoea, lihamishiwe chini, karibu na giaboksi, kwa sababu uzito wake huvuta mpira na kuuchomoa mahali pabaya kuliko pote. Moto wa Beetle huanzia hapo mara nyingi.

Hatua ya kwanza: itambue distributa yako

Huwezi kujua kama mpira uko mahali pake kabla hujajua una distributa ya aina gani. Angalia kikopo cha bati kilichofungwa ubavuni mwa distributa, chenye kiwambo ndani yake. Kikiwa na matundu mawili, distributa yako hutumia mipira miwili: mmoja wa kuwahisha moto, yaani cheche ya plagi, mwingine wa kuuchelewesha injini inaponguruma bila kukanyagwa mafuta, yaani kwenye mzunguko wa chini. Kikiwa na tundu moja, ni wa kuwahisha tu. Kikopo kikiwa hakipo kabisa, yaelekea una Bosch 009, ambayo huwahisha moto kwa uzito unaozunguka ndani yake na haihitaji mpira wowote. Kwa kuwa spea nyingi za gari hili zimebadilishwa mara kadhaa katika maisha yake, usishangae kukuta distributa isiyolingana na kabureta.

Kabureta ya 34 PICT-3 ina matundu mawili ya vakyumu, na kuyachanganya ndilo kosa ninalolikuta zaidi ya yote. Washa injini ipate joto, chomoa mipira, kisha weka kidole kwenye kila tundu. Tundu la kuwahisha liko juu ya kipepeo, yaani lile bamba linalofunguka unapokanyaga mafuta, kwa hiyo halivuti kitu injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, bali huanza kuvuta unapoongeza mafuta kidogo. Tundu la kuchelewesha liko chini ya kipepeo na huvuta kwa nguvu wakati wote wa mzunguko wa chini. Mpira wa kuwahisha ukichomekwa kwenye tundu la kuchelewesha, moto utawahishwa wakati usiotakiwa, na fundi atakayekuja kusahihisha taimingi, yaani wakati wa cheche, ataipotosha zaidi. Tundu lisilotumika lizibwe kwa kofia ya mpira inayobana. Kuliacha wazi ni sawa na kutoboa manifoldi, yaani bomba linalopeleka mchanganyiko wa hewa na petroli kutoka kabureta hadi kwenye silinda.

Hatua ya pili: mipira yenyewe na kiwambo

Mpira wa vakyumu huharibika kwenye ncha zake kwanza. Joto la injini hii inayopozwa kwa hewa huufanya uwe mgumu, ncha hupanuka, na mpira hubaki umekaa kwenye tundu bila kubana. Ukiuzungusha kwa vidole viwili nao ukazunguka bila ukinzani, haufai. Usitumie mpira wa dripu wala mpira wa plastiki wa kuonyesha ndani, kwa kuwa hulainika kwa joto na kuta zake hushikana unapovutwa, na hivyo mfereji huziba wakati ule ule unapohitajika.

Kiwambo hupimwa kwa mdomo. Ondoa kifuniko cha distributa na rota, chomeka mpira safi kwenye tundu la kuwahisha, na uvute hewa huku ukiangalia bamba linalobeba pointi, ile swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili. Bamba linapaswa kusogea, na ukiziba ncha ya mpira kwa ulimi, libaki liliposimama kwa sekunde kadhaa. Likirudi mara moja, kiwambo kimepasuka. Lisiposogea kabisa wakati kiwambo kinashika hewa, bamba limeganda kwa vumbi na grisi iliyokauka, na hapo tone moja la mafuta mepesi kwenye sehemu linapoteleza linaweza kuokoa distributa nzima.

Hatua ya tatu: manifoldi

Hapa ndipo hewa nyingi ya wizi, yaani hewa isiyopitia kabureta, inapoingilia. Injini ya 1600 yenye matundu mawili ya kuingizia kila upande ina manifoldi ya vipande vitatu, na kipande cha kati kimeunganishwa na vile vya pembeni kwa mikono miwili ya mpira iliyofungwa klempu. Mikono hiyo hupasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Legeza klempu, usogeze mkono pembeni, na uukague wote kwa kioo kidogo na tochi. Kufunga ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli juu ya ufa kutakufikisha nyumbani, lakini usiiite matengenezo.

Kagua pia gasketi zilizo kati ya manifoldi na vichwa vya silinda, na ile iliyo chini ya kabureta. Kisha shika pini ya kipepeo na uitikise juu na chini: ikicheza waziwazi, hewa inaingia pembeni mwake, na hakuna mpira mpya utakaoziba hapo mpaka kabureta itiwe bushi mpya na fundi mwenye mashine ya kuchonga.

Njia rahisi ya kupata uvujaji ni maji yenye sabuni kwenye chupa ya kupulizia. Injini ikiwa imewashwa, pulizia kidogo kidogo kwenye kila kiungo cha manifoldi, ukikwepa koili na distributa. Mahali ambapo sauti ya injini inabadilika ghafla, au povu linapofyonzwa ndani, ndipo penye tundu. Wapo wanaopulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hii. Inaonyesha tundu haraka zaidi, lakini juu ya injini yenye joto na distributa iliyo wazi kwa cheche siwezi kuishauri.

Pana ugonjwa mmoja unaofanana sana na hewa ya wizi bila kuwa wenyewe. Chini ya manifoldi hupita bomba jembamba linaloleta moshi wa moto kutoka kwenye ekzosi ili kuipasha manifoldi joto. Likiziba kwa masizi, asubuhi za baridi na ukungu za mwezi wa saba hapa Arusha barafu inaweza kujijenga ndani ya kabureta, na gari likasitasita kwa kilomita za kwanza ingawa kila mpira ni mzima. Baada ya injini kuwaka dakika chache, gusa bomba hilo kwa tahadhari pande zote mbili za kabureta: lazima pande zote zipate joto.

Hatua ya nne: geji ya vakyumu na mwinuko wa mahali petu

Ukiwa na geji, iunge kwenye tundu la kuchelewesha kwa kuwa hilo husoma vakyumu halisi ya manifoldi. Vitabu vingi huandika kwamba injini nzima ya petroli husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye mzunguko wa chini. Nambari hizo ni za usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 300 hivi, usomaji hupungua kwa takribani inchi moja, kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi. Arusha mjini tuko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo geji itapungukiwa na inchi nne hadi tano, na Moshi, iliyo kati ya mita 800 na 900, itapungukiwa na karibu inchi tatu. Mtu asiyejua hili ataona inchi 14 hapa Arusha na kuhukumu kwamba injini imechoka, kumbe iko sawa. Pia distributa ya mipira miwili, kwa kuwa inachelewesha moto, husoma chini zaidi. Tazama utulivu wa mshale kuliko nambari. Mshale uliotulia chini sana huashiria hewa ya wizi au taimingi iliyochelewa, na unaodondoka mara kwa mara kwa mpigo ule ule huelekeza kwenye valvu au plagi ya silinda moja.

Mwinuko una hila nyingine. Tunavyopanda juu ndivyo mchanganyiko unavyozidi petroli, na hewa ya wizi huufanya upungukiwe petroli. Basi ufa mdogo unaweza kufichwa na mwinuko, gari likaenda vizuri Njiro na Sakina, kisha likashuka Tanga na kuanza kupata joto kupita kiasi. Injini inayopozwa kwa hewa haivumilii upungufu huo, na katika injini zenye kipoza mafuta cha mtindo wa zamani, kilichosimama ndani ya njia ya upepo, silinda ya 3 ndiyo huungua kwanza. Anayeteremka pwani na Beetle aliyoirekebisha Arusha akague mikono ya manifoldi kabla ya safari.

Hatua ya tano: betri na ethi

Betri iko chini ya kiti cha nyuma. Hakikisha ina kifuniko, kwa sababu springi za kiti zikibonyezwa na abiria wazito zinaweza kugusa vichwa vya betri na kuwasha moto ndani ya kiti. Pima volti gari likiwa limelala usiku mzima: 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu. Ukipiga stata isishuke chini ya 9.6.

Sasa pima ethi, kipimo ambacho wengi hawakifanyi. Chomoa waya wa tundu namba 15 la koili (namba hizi zimeelezwa katika hatua ya sita) ili injini isiwake, na ufunge ncha yake kwa tepu kwa kuwa ina umeme. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu mwingine apige stata. Usomaji usizidi volti 0.3. Ukizidi, ingia chini ya gari utafute ukanda wa shaba iliyosukwa unaounganisha giaboksi na bodi. Ukanda huo hupigwa na matope ya masika na vumbi la kiangazi mpaka unabaki nyuzi chache. Ukikatika, umeme wa stata hutafuta njia nyingine na kupita kwenye kebo ya mafuta au ya klachi, ambazo hupata moto na kushikana ndani ya mabomba yake. Kwa hiyo kebo ya mafuta inayokatika mara kwa mara bila sababu inaweza kuwa kilio cha ethi. Fungua ncha zote mbili za ukanda, kwangua mpaka chuma king'ae, funga tena, na upake grisi juu.

Hatua ya sita: fyuzi na rangi za nyaya

Nyaya za Volkswagen zinafuata utaratibu wa Kijerumani ambao ukiujua hupotei. Waya wa kahawia ni ethi. Mwekundu ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, namba 30. Mweusi ni umeme unaokuja ukifungua switchi, namba 15. Namba 31 ni ethi, namba 50 ni stata, namba 1 ni upande wa koili unaokwenda kwenye pointi, na namba 61 ni taa nyekundu ya dinamo. Namba hizi zimechapwa kwenye vifaa vyenyewe, kwa hiyo futa vumbi usome kabla ya kukisia.

Fyuzi za asili ni za kauri: nyeupe ni ampia 8 na nyekundu ni ampia 16. Nyingi huonekana nzima huku hazipitishi umeme, kwa sababu ncha zake na meno yanayozishika yameota kutu ya kijani. Zizungushe mahali pake, na zisipopona zitoe, ukasugue ncha na meno kwa msasa. Karatasi ya sigara ya kung'aa isikae humo badala ya fyuzi hata kwa usiku mmoja. Kumbuka pia kwamba njia ya umeme inayokwenda kwenye koili haina fyuzi, hivyo waya mweusi uliochunika unaweza kuunguza fungu zima la nyaya. Kagua hasa pale nyaya zinapopenya bati kuingia chumba cha injini, ambapo mpira wa kuzilinda huoza na bati likaanza kukata. Panya nao hupenda fungu hilo kwenye magari yanayolala muda mrefu bila kuwashwa.

Hatua ya saba: njia ya umeme wa koili

Fungua switchi bila kuwasha injini, pointi zikiwa zimefunga, na upime volti kwenye namba 15 ya koili. Usomaji usipungue zaidi ya volti moja chini ya ule wa betri. Ukipata 10 wakati betri ina 12.5, ubovu uko kwenye switchi au kiungo kilicho njiani. Usiache switchi wazi kwa zaidi ya dakika moja au mbili, koili na pointi zitaungua. Kwenye namba 15 hiyo hiyo ndipo choki ya umeme na valvu ya umeme ya kabureta zinapopata umeme wake. Chomoa na kuchomeka waya wa valvu hiyo switchi ikiwa wazi: usiposikia mlio mdogo wa "tik", gari litazimika kila unapoachia mafuta, dalili ile ile inayofanya watu wafungue kabureta.

Gari langu lilinifundisha jambo moja ambalo sijasahau. Lilikuwa likikatakata kwenye tambarare kati ya Boma Ng'ombe na Moshi, lakini nikikanyaga mafuta mpaka chini kupanda kuelekea Marangu linakwenda kama jipya. Fundi wa kwanza alibadilisha kabureta, wa pili koili. Mzee mmoja dereva mstaafu, nilipomweleza, aliniuliza tu, "Kijana wangu, ukikanyaga yote, vakyumu inabaki?" Haibaki. Kwenye mwendo wa wastani vakyumu husogeza bamba la pointi, na ukikanyaga yote hupungua na bamba hurudi. Waya mdogo wa pointi, unaojikunja kila bamba linaposogea, ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake huku kwa nje ukionekana mzima. Tangu hapo hupima hivi: mita kwenye kipimo cha omu, ncha moja kwenye waya unaotoka distributa kwenda koili, nyingine kwenye bodi, pointi zimefunga, halafu ninavuta mpira wa vakyumu kwa mdomo. Nambari ikiruka bamba linaposogea, waya umekufa, au bamba halipati ethi nzuri.

Ukimaliza hapo, weka pointi milimita 0.4 na plagi 0.6 hadi 0.7.

Hatua ya nane: dinamo

Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, betri isome kati ya 13.5 na 14.5. Taa nyekundu ikiwaka njiani, simama papo hapo kabla ya kufikiria nyaya, kwa sababu mkanda unaozungusha dinamo ndio huohuo unaozungusha feni ya kupozea injini.

Hatua ya tisa: sasa kabureta

Weka taimingi kwa kufuata distributa. Yenye mipira miwili kwa kawaida huwekwa nyuzi 5 baada ya kilele, yaani pistoni inapofika juu kabisa, mipira ikiwa imechomekwa; ya mpira mmoja na 009 huwekwa nyuzi 7.5 kabla ya kilele, mpira ukiwa umechomolewa na kuzibwa. Kisha ongoza mzunguko wa chini kwa skrubu kubwa ya ubavuni mwa 34 PICT-3, ufikie 850 hivi kwa dakika, na mchanganyiko kwa ile ndogo, ukianzia mizunguko miwili na nusu kutoka ilipofungwa. Usitumie skrubu inayosukuma kipepeo, kwa maana ukikifungua kipepeo, tundu la kuwahisha litaanza kuvuta wakati usiofaa na utakuwa umejitengenezea upya ubovu uliouondoa katika hatua ya kwanza.

Endesha mpaka Usa River na kurudi, uache injini ipoe kabisa, kisha kaza tena klempu za mikono ya manifoldi. Mpira mpya hulegea baada ya joto la kwanza, na mzunguko mmoja wa bisibisi hapo hutosha.